Rangi ya Kitu na Rangi ya Mwanga: Uhakiki wa Picha za Sam Ntiro

I. Makusudi

Makusudi ya makala haya ni kuzichungua picha za marehemu Sam Joseph Ntiro, mchoraji wa Machame, tukikitumia Kiswahili chenyewe kuwa chombo cha uchunguzi. Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa isimu amefuata nini katika uwanja wa wachoraji. Jibu langu ni fupi. Mengi yaliyoandikwa juu ya Ntiro yaliandikwa kwa Kiingereza, na kila lugha inapotoa hukumu hutoa pamoja nayo vipimo ilivyozoea kupimia. Katika maandiko hayo sifa inayomwandama Ntiro ni ile ya usahili unaokaribia utoto: watu wake hawana nyuso za kumtofautisha huyu na yule, vitu vilivyo mbali havidogoshwi kwa kanuni, vivuli ni haba, rangi zimepakwa kwa mapana bila kubadilishwa na mwanga wa saa. Wanaompenda huyataja hayo kuwa ni unyofu wa moyo, na wasiompenda huyataja kuwa ni upungufu wa ufundi. Lakini pande zote mbili hukubaliana kwamba kuna kitu kisichokuwamo.

Mimi naona kwamba kabla ya kuvihesabu visivyokuwamo, yafaa tujue kwanza kilichomo. Hoja nitakayoitetea ni moja: Ntiro alichora rangi ya kitu, wala hakuchora rangi ya mwanga. Kiswahili nacho, kwa sehemu kubwa, hutaja rangi kwa kutaja kitu. Kwa hiyo lugha yetu inayo maneno ya kumpima mchoraji huyu kwa haki, mahali alipofaulu na mahali alipopungukiwa pia. Mwishoni nitaijaribu hoja hii nje ya Kilimanjaro, katika Kinyerezi, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam, ambako hakuna mlima wenye theluji wala shamba kubwa la migomba, ili tuone kama njia ya Ntiro ni njia ya sanaa inayoweza kufuatwa, au ni mapenzi ya nyumbani kwake tu.

II. Mchoraji na mafunzo yake

Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika mteremko wa Kilimanjaro. Katika miaka ya 1940 alisoma katika Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, mwanzilishi wa mafunzo ya sanaa ya chuo kile, kisha akawa mwalimu papo hapo. Tangu mwaka 1952 hadi 1955 alikuwa London katika Slade School of Fine Art. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua picha yake moja ya mafuta aliyoichora mwaka 1956. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro akawa balozi wake wa kwanza mjini London, akakaa huko hadi mwaka 1964. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni, na mwalimu wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Katika maisha hayo yako mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni namna Trowell alivyofundisha. Hakuwawekea wanafunzi wake kielelezo mbele ya macho ili wakinakili. Aghalabu aliwasimulia tukio kwa maneno, au akawaeleza mandhari, kisha akawaacha wachore yale waliyoyaona akilini. Njia hii imepata kulaumiwa kwamba iliwanyima Waafrika mafunzo ya mkono na jicho waliyopewa wanafunzi wa Ulaya, na lawama hiyo haikosi ukweli. Walakini mwanaisimu hawezi kulipita jambo hili bila kusimama: chanzo cha picha kilikuwa neno. Mwanafunzi alisikia kitendo, watendaji na mahali, akayageuza kuwa rangi. Ntiro alipokwenda Slade, ambako msingi wa mafunzo ulikuwa kumchora mtu aliyesimama mbele ya mchoraji, hakuiacha namna aliyotoka nayo. Alirudi Afrika ya Mashariki akichora vile vile, na hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba alichagua. Mtu hawezi kukaa miaka mitatu katika shule kama ile asijue jinsi kivuli kinavyochorwa.

La pili ni kwamba sehemu kubwa ya picha zake za Machame alizichora akiwa mbali na Machame: Kampala, London, na baadaye Dar es Salaam. Alichora kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ina desturi zake. Anayeukumbuka mgomba wa nyumbani haukumbuki mwanga wa saa tatu asubuhi ulivyoliangukia jani siku fulani. Huukumbuka mgomba wenyewe: jani lake pana, shina lake lenye maji, mkungu wake, na mtu aliyekuwa akiukata. Kinachobaki akilini ni kitu pamoja na kazi yake.

Kwa kulinganisha, na tumtazame Claude Monet wa Ufaransa. Katika miaka ya 1890 na 1891 alichora marundo ya nafaka mara nyingi, rundo lile lile, asubuhi, adhuhuri, jioni, na wakati wa theluji. Katika picha moja rundo ni la waridi, katika nyingine ni la zambarau. Monet hakuwa akichora nafaka. Alikuwa akichora mwanga, na rundo lilikuwa ukuta wa kuupokelea tu. Hiyo ndiyo niitayo rangi ya mwanga. Mwenye kuipima picha ya Ntiro kwa kipimo cha Monet atakuta upungufu kila mahali, kama vile ambavyo mwenye kuipima picha ya Monet kwa kipimo cha Ntiro angeuliza: nafaka hii ni ya nani, nani aliivuna, na mbona hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuichukua?

III. Majina ya rangi katika Kiswahili

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatana na jina kwa kiambishi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa jina, na jina hilo mara nyingi ni la kitu. Kijivu ni rangi ya jivu, kahawia ya kahawa, manjano ya kiungo kinachotiwa katika mchuzi, zambarau ya tunda, kijani ya jani. Na samawati, neno lililotoka katika Kiarabu, ni rangi ya mbingu. Watu husema damu ya mzee wakikusudia nyekundu iliyoelekea weusi, na mtu ambaye ngozi yake si nyeusi sana wala si nyeupe huambiwa ni maji ya kunde. Msemaji akipungukiwa na jina hapati taabu. Huangalia kitu kilicho karibu akasema rangi ya kitu hicho, naye msikilizaji akaelewa, mradi wote wawili wanakijua.

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa kitabu chao mashuhuri juu ya maneno ya msingi ya rangi katika lugha za ulimwengu, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza kwa kuwahoji wasemaji. Mojawapo ya vigezo vyao lilitilia shaka kila neno la rangi ambalo pia ni jina la kitu. Kwa kazi waliyokuwa wakiifanya, kigezo hicho kilikuwa na sababu zake, kwa kuwa walitafuta maneno ya rangi yaliyojitenga na vitu. Lakini kwa mhakiki wa picha kigezo hicho hutupa nje hasa lile analolihitaji. Rangi ambayo bado imefungamana na kitu chake huwa na historia, matumizi na mahali.

Isidhaniwe kwamba nasema Kiswahili ndicho kilichouongoza mkono wa Ntiro. Kimachame kilikuwa lugha ya kwao, Kiingereza kilikuwa lugha ya masomo yake, na dai la kwamba lugha humfumba mtu macho limekwisha kupingwa vya kutosha. Ninalosema ni dogo zaidi, nalo latosha: katika Kiswahili tunayo tayari desturi ya kuiona rangi kuwa ni mali ya kitu, na kwa desturi hiyo picha hizi husomeka bila kuombewa msamaha.

Na tuchukue mfano wa kijani. Katika picha za migomba rangi hii imeenea kuliko nyingine zote, na mtazamaji wa haraka huweza kuchoka nayo. Kiswahili husema kijani kibichi. Kivumishi -bichi asili yake hakitaji rangi. Hutaja hali ya kitu ambacho hakijaiva, hakijapikwa, au hakijakauka: nyama mbichi, kuni mbichi, ndizi mbichi. Basi kijani kibichi ni rangi na wakati kwa pamoja. Husema kwamba jani bado li hai. Ndizi mbichi ya kupikwa ni chakula cha leo. Ndizi iliyoiva, ikachemshwa na kuchanganywa na kimea cha ulezi, ni mbege ya arusi, ya mazishi au ya baraza la wazee. Kutoka rangi moja hadi nyingine, matumizi hubadilika na watu waitwao hubadilika. Mtu wa Machame aonapo mkungu katika picha hajiulizi kama mchoraji ameipata sawasawa rangi ya saa. Hujiuliza kama ndizi hizo ni za kupika au ni za pombe, na kwa jibu lake hujua ni siku gani katika maisha ya ukoo.

Zaidi ya majina, tunavyo vitenzi vya rangi ambavyo wahakiki wetu hawavitumii vya kutosha, ilhali wauzaji wa kanga na wasukaji wa mikeka huvitumia kila siku. Rangi hukolea, kama chumvi inavyokolea katika chakula. Rangi hufifia kwa kupungukiwa na mwanga, kama taa inayoishiwa na mafuta. Rangi huchujuka kwa kufuliwa mara nyingi. Rangi hupauka, kama ngozi isiyopakwa mafuta au udongo uliokosa mvua. Kila kitenzi hutaja sababu yake: kukolea hutokana na kiasi, kufifia na mwanga, kuchujuka na maji, kupauka na ukavu. Kwa vitenzi hivi naweza kusema kwa usahihi jambo ambalo maneno ya jumla ya sifa hayawezi kulisema: rangi za Ntiro zimekolea, na katika picha zake nilizopata kuziona ni nadra mno kuiona rangi iliyofifia, iliyochujuka au iliyopauka. Hapo pana nguvu yake, na kama nitakavyoonyesha, hapo pia pana upungufu wake.

IV. Picha isomwayo kwa kitenzi

Picha iliyonunuliwa New York mwaka 1960 ilipewa jina la Kiingereza, nalo laweza kufasiriwa hivi: Wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Ni jina refu kwa picha isiyokuwa kubwa. Mchoraji wa mandhari kwa desturi ya Ulaya huridhika na jina la mahali: mto fulani, bonde fulani, kilima fulani jioni. Ntiro hutaja tendo. Mandhari yamo, tena yamejaa, lakini yamo kama uwanja wa tendo.

Na tukitazame kitenzi hiki, wakimpelekea. Kiambishi -ki- huonyesha tendo linaloendelea, halijakoma; wabebaji wako njiani, hawajafika. Kauli ya kutendea huleta mtu anayepelekewa. Bibi arusi, kabla hatujamtafuta katika picha, yumo ndani ya kitenzi, na kwa sababu yake njia ina mwisho. Kisha kuna kile kiambishi cha mwanzo, wa-. Hapa ndipo napenda tuitafakari upya ile lawama ya nyuso. Katika Kiswahili kitenzi kimoja ni sentensi kamili bila ya kumtaja mtendaji kwa jina. Wa- hutwambia kwamba ni watu, tena ni wengi, wala haitwambii ni akina nani. Hatusemi kwamba sentensi ya namna hiyo ni pungufu. Twasema kwamba mkazo wake uko katika tendo. Watu wa Ntiro ni wa- waliochorwa. Mgongo ulioinama, mkono ulioinuliwa, kichwa kilichotulia chini ya mzigo: hivyo ndivyo tunavyowatambua, kama vile jirani anavyomtambua mtu shambani kwa mbali, kwa namna anavyoshika jembe, kabla hajauona uso wake.

Vivyo hivyo kuhusu umbali. Ntiro aghalabu hukiweka kilicho mbali juu ya kilicho karibu, badala ya kukidogosha hadi kipotee katika upeo wa macho. Mhakiki aliyekulia katika nchi tambarare huona kosa. Lakini mkaaji wa mteremko anajua kwamba kwao kilicho mbali kweli kiko juu au kiko chini. Machame mtu hupanda kwenda mlimani, hushuka kwenda tambarare kukata majani ya ng'ombe, kisha hupanda tena na mzigo kichwani. Mfereji wa maji hushuka kutoka shamba hadi shamba, na zamu za maji hufuata mteremko huo. Picha iliyopangwa kutoka chini kwenda juu, kazi juu ya kazi, shamba juu ya shamba, yasema kweli juu ya nchi hiyo kuliko picha ambayo ingetanda kama uwanda wa Ulaya.

Usiku nao ni wa kuangaliwa. Kwa mwenye kuchora mwanga, usiku ni mtihani mzito, kwa kuwa mwanga ukiondoka rangi nazo huondoka. Kwa mwenye kuchora vitu, usiku ni habari ya tendo: mzigo huu hauchukuliwi wakati wowote, unao wakati wake. Neno usiku katika jina la picha lina kazi ile ile iliyo nayo katika sentensi, yaani kielezi cha kitenzi.

V. Alipopungukiwa

Mpaka hapa nimemtetea. Sasa yafaa niseme yale ambayo kipimo chenyewe kinayafichua, kwa maana kipimo kinachotoa sifa peke yake si kipimo.

Kwanza, wa- isiyokuwa na majina ina gharama. Watu wasiokuwa na nyuso hawawezi kugombana. Katika picha hizi kila mtu anafanya kazi pamoja na wenzake, kila mzigo umepata mbebaji, na kila shamba limepata maji. Lakini miaka ile Ntiro alipokuwa akizichora, ardhi ya kaskazini ilikuwa na magomvi makubwa. Mwaka 1951, katika Meru iliyo jirani, wenyeji walifukuzwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili nchi yao ipewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo Ntiro aliingia Slade. Katika Kilimanjaro kwenyewe vihamba vilikuwa vimekwisha kuwa haba, na vijana walikuwa wakigawiwa vipande vilivyozidi kuwa vidogo. Haya hayamo. Mtu aweza kumjibia Ntiro kwamba kumwonyesha Mmachame akilima, akichimba mfereji na kuvuna katika nchi yake ni hoja ya umiliki, tena hoja ya dhahiri, wakati ambapo mkoloni alijidai kuwa ndiye aliyeiamsha nchi iliyolala. Nalikubali jibu hilo kwa picha za kabla ya mwaka 1961. Lakini baada ya uhuru swali liligeuka. Halikuwa tena swali la kama nchi ni yetu, lilikuwa ni nani kati yetu anayekula nini. Na kwa swali hilo wa- haitoshi, kwa kuwa huwaweka wote katika kiambishi kimoja. Mchoraji aliyekuwa pia mtumishi mkuu wa serikali yamkini aliliona jambo hilo, wala hakupata namna ya kulichora.

Pili, kukolea kukizidi huharibu. Chumvi ikiwa kali katika kila chakula, mlaji huacha kutofautisha chakula. Tangu miaka ya 1950 na kuendelea Ntiro alirudia kijani ile ile, kahawia ile ile ya udongo, na buluu ile ile ya vilima. Mchoraji wa rangi ya kitu analo jukumu ambalo mchoraji wa mwanga hana: maadamu ameahidi kusema kweli juu ya kitu, shurti aseme pia kinapochakaa. Jani la mgomba hupasuliwa na upepo likakauka, likageuka hudhurungi, likaning'inia kando ya shina mpaka litakapokatwa. Vumbi la kiangazi hupausha njia, majani na mavazi. Nguo ya kazi huchujuka. Kiswahili kimetenga kitenzi kwa kila mojawapo ya mambo haya, nacho kitenzi ni ushahidi kwamba wasemaji wameliona jambo. Katika picha za Ntiro vitenzi hivi vitatu vya uchakavu havikupata haki yao. Hapo kumbukumbu ilimsaliti, kwa sababu mtu akiwa mbali hukumbuka shamba likiwa limestawi.

VI. Kipimo cha Kinyerezi

Nimeahidi kuijaribu hoja hii nje ya Kilimanjaro. Kinyerezi, ninakokaa, ipo katika wilaya ya Ilala, kandokando ya bonde la Msimbazi, njia ya kuelekea vilima vya Pugu. Zamani palikuwa mashamba, na mabaki yake yapo: mikorosho, miembe, minazi michache, vipande vya mihogo kati ya nyumba na nyumba. Wachoraji wa Dar es Salaam hawapachori mahali kama hapa. Katika maduka ya picha mjini msomaji atakuta Kilimanjaro yenye theluji, twiga, na safu ya Wamasai walioshika mikuki, yaani nchi ambayo wengi wa wachoraji hao hawakai. Tena rangi zake, kwa sehemu kubwa, hazikutoka katika kitu wala katika mwanga. Zimetoka katika kopo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, aliigeuza rangi ya kopo kuwa sanaa yenye uhai, kwa kuwa alikuwa na jambo la kusema nayo. Aliuawa mwaka 1972. Katika kazi za wengi waliomfuata kwa ajili ya soko la watalii kopo limebaki na jambo limepungua.

Mchoraji atakayechora Kinyerezi kwa njia ya Ntiro atakuwa na rangi gani? Kwanza atakuwa na udongo, nao si mmoja: upo mchanga mwekundu wa vilimani, upo ule wa kijivu wa bondeni, na huko Pugu uko udongo mweupe wa kaolini. Atakuwa na ua la mkorosho na bibo lake, jekundu au la manjano, ambalo huanguka likaoza mahali ambapo kiwanja kimekwisha kuuzwa na mwenye mkorosho hayupo tena. Atakuwa na matofali ya saruji ambayo yakiwa mabichi ni ya kijivu iliyokolea na yakikauka hupauka; na hapa msomaji aangalie kwamba mafundi nao husema tofali bichi, kama vile mkulima asemavyo ndizi mbichi. Atakuwa na mabati ya rangi ya damu ya mzee yaliyoanza kuchujuka upande wa jua. Haya yote ni rangi za vitu, na kila moja ina kazi ya watu nyuma yake.

Vitenzi navyo havikosekani. Vijana wanafyatua matofali. Wanawake wanakaanga vitumbua kabla ya mapambazuko. Watu wamejipanga wakingojea daladala za kwenda mjini, ambako mchana wote watafanya kazi isiyoonekana Kinyerezi. Hapo njia ya Ntiro yapata shida ya kweli. Kwa Ntiro kazi na mandhari vilikuwa mahali pamoja: alimaye alionekana katika shamba analolima. Katika pembezo za jiji watu huondoka alfajiri na kurudi usiku, na mandhari ya mchana hubaki na watoto, wazee, mafundi na wachuuzi. Shida nyingine ni kubwa zaidi. Kinyerezi ndiko bomba la gesi kutoka kusini linakofikia, lililozinduliwa mwaka 2015, na mtambo wa umeme wa Kinyerezi II, wenye megawati 240, ulizinduliwa mwaka 2018. Gesi haina rangi, wala umeme hauna. Kitu chenye nguvu kuliko vyote katika mandhari hayo hakiwezi kutajwa kwa jina la rangi yake. Kinachoonekana ni uzio, minara, na nyaya zinazopita juu ya mihogo.

Je, hoja imeanguka? Sidhani. Imepata mpaka wake, na mpaka huo wafaa kujulikana. Mchoraji wa rangi ya kitu anaweza kuonyesha nyaya juu ya mihogo kwa ukamilifu, kijivu juu ya kijani, akatuachia swali la nani anayepata umeme huo na nani anayeilima mihogo hiyo. Lakini hataweza kufanya hivyo kwa wa- peke yake wala kwa kukolea peke yake. Atahitaji nyuso, kwa kuwa mjini majirani hawakutoka ukoo mmoja. Na atahitaji rangi zilizochujuka na kupauka, kwa kuwa mahali hapa pamo katika mabadiliko, na mabadiliko huonekana kwanza katika vitu vinavyochakaa. Ntiro anampa msingi, na upungufu wa Ntiro unamwonyesha kazi iliyobaki. Tena kazi hiyo ina haraka. Machame ya Ntiro ilingoja miaka mingi akiichora kwa kumbukumbu. Mikorosho ya Kinyerezi inakatwa kiwanja baada ya kiwanja, na kizazi kitakachotaka kuikumbuka huenda kisiwe na la kukumbuka.

VII. Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu napendekeza mambo matatu. La kwanza, picha za wachoraji wetu wa mwanzo ziorodheshwe kwa majina ya Kiswahili yaliyofikiriwa vyema, kwa kuangalia nyakati na kauli za vitenzi, kwa kuwa tumeona kwamba katika kazi ya Ntiro jina ni sehemu ya picha. Nyingi ziko mbali nasi, Marekani na Uingereza, na anayezitazama huko huzisoma kwa jina la Kiingereza. La pili, majina na vitenzi vya rangi yakusanywe kutoka kwa wanaovitumia: wauzaji wa kanga, wasukaji na watia rangi wa ukindu, wachanganyaji wa rangi za nyumba, mafundi ujenzi, na wakulima. Kamusi zetu zimeyapokea majina kadha wa kadha, lakini tofauti kati ya kufifia, kuchujuka na kupauka haijaelezwa kwa mifano inayotosha. La tatu, wahakiki wa picha wayatumie maneno haya katika hukumu zao, ili mchoraji akisifiwa ajue amesifiwa kwa lipi, na akilaumiwa ajue arekebishe nini.

Mchoraji kijana akiambiwa kwamba picha yake ni nzuri, hana la kufanya na maneno hayo. Akiambiwa kwamba udongo wake umekolea mahali ambapo ungepaswa kupauka, kwa sababu picha ni ya mwezi wa Septemba na mvua za vuli hazijanyesha, ataichukua brashi yake na kurudi kazini.